Mistari Niliyoifagia

"Umefuta hata nyumba yako mwenyewe!" Stéphane alinisukumia simu yake mpaka karibu na pua. "Angalia! Nyumba ya kumi na nne iko wapi? Nionyeshe na kidole!"

Nikaangalia. Ilikuwa picha ya ubao wa ofisini, karatasi nne zenye muhuri. Nyumba ya kumi na tatu ilikuwepo. Ya kumi na tano ilikuwepo.

"Haiko," nikasema.

"Haiko! Muskie! Anasema haiko, sawa muntu anasema leo mvua hainyeshi!"

"Unataka niseme nini?"

"Nataka ulie! Nyumba tano ilipotea ku liste, belle-sœur. Tano! Na weye unakoroga chai."

Kweli nilikuwa nakoroga chai. Sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Ntumba, mama Précieux. Mume wangu Clément alikuwa akishughulikia karatasi za forodha pale mpakani Kasumbalesa, siku nne huko, siku tatu nyumbani. Alianguka katikati ya foleni ya malori, na siku ya tisa tukamzika. Baada ya hapo mwenye nyumba alitutoa. Baada ya hapo umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza mashine zote za sekretariati yangu, pale nilipokuwa nikichapia wanafunzi kazi zao. Nikahamia kwa mama mkwe, kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli, nyumba ya kumi na nne, na mwanangu wa miaka kumi na moja na laptop moja kuukuu.

Mlioniandikia kuniuliza mbona silii: sijui. Nikijua nitawaambia.

Kambini sikuwa na rafiki. Alikuwepo dada mmoja tu wa bombani, ambaye kila asubuhi alinipisha nijaze ndoo yangu kabla ya yake. Hasemi kitu. Anasogea, basi. Nilidhani ananionea huruma kwa ujane.

Sasa turudi kwenye orodha.

Nyumba za kambi zilikuwa zinapewa hati. Kila nyumba ilitakiwa iwe na jina la mtu aliyezaliwa katika damu ya mfanyakazi wa reli. Mke au mjane hahesabiwi. Nyumba isiyo na jina inahesabiwa tupu, na nyumba tupu inapewa mtu mwingine. Mwisho wa kusahihisha ulikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Ugomvi huu ulikuwa Jumamosi hiyohiyo, saa moja na nusu asubuhi.

Stéphane, kaka yake Clément, anayeniita belle-sœur, yaani shemeji, ndiye mkuu wa kamati ya kambi. Kazi ya orodha alinipa mimi. "Uko na diplôme ya informatique," alisema, "ikuzalie kitu."

Nina diploma ya kompyuta, ndiyo. Na nina vifaa vyangu vidogo, programu nilizoziandika mwenyewe za kushughulikia maandishi matupu. Maandishi matupu ni herufi na mistari basi, bila rangi wala mapambo. Mashine ya kizee inayafungua, simu ya kitochi inayafungua. Watu wanapenda vitu vikubwa vinavyofanya kila kitu. Mimi napenda kitu kidogo kinachofanya kazi moja na kunyamaza.

Vilikuwa vitatu. Zoa inakusanya meseji zote kwenye faili moja ya muda, inayojifuta kazi ikiisha. Chonga inakata kila kinachokuja baada ya koma, kwa sababu watu wetu hawawezi kuandika jina bila kuongeza salamu, ugonjwa na mstari wa Biblia. Fagia inaondoa mstari uliojirudia. Na kama chini ya nyumba halikubaki jina, inaondoa na nyumba yenyewe.

Fagia ilikuwa lazima. Mtandao ukisumbua, mtu anatuma mara tatu. Ndugu aliyeko Kasumbalesa anatuma majina ya nyumbani kwao, dada aliyeko Kipushi naye anatuma yaleyale.

Meseji zilikuja kwenye simu ya Clément, kwa sababu namba yake ndiyo iliyojulikana na kambi nzima. Sikuzisoma. Ndiyo maana mtu anatengeneza Zoa, ili asisome.

Mistari mia mbili na kumi na miwili iliingia. Ikatoka mia moja sitini na tisa.

Ninakiri: niliiona namba ya iliyofutwa, arobaini na mitatu. Nilijua ni kubwa mno. Nikachapa kwa printa ya jirani, nikafunga bahasha. Siku zile nilikuwa napita juu ya kila kitu kama gari linavyopita juu ya shimo ambalo dereva amekwisha kulizoea.

"Ni nani alikutuma?" Stéphane akauliza. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani. "Minauliza, ni nani? Bantu ba Kasai, munajifanyaka munajua sana. Nilimwambia Clément."

"Mi nilizaliwa hapa Lubumbashi, Stéphane. Weye ulizaliwa Mitwaba. Nani njo mugeni?"

Mtu mmoja akacheka. Stéphane hakucheka.

"Kama ningetaka kufuta ya wengine," nikasema, "juu ya nini nifute na yangu?"

"Njo akili ya kujificha!"

Hapo mzee wa nyumba ya tatu akajipenyeza mbele, redio yake ndogo ikiendelea kusema peke yake mfukoni. "Ngoja kwanza. Mi niko ku liste. Kabwe Mwenze, nyumba tatu. Lakini mutoto wangu nyumba makumi mbili haiko. Naye ni Kabwe Mwenze."

"Na wangu mi," akasema mwanamke mmoja. "Kabwe Mwenze. Haiko."

"Kabwe Mwenze wako wangapi humu kambini?" nikauliza.

"Saba," mzee akasema. "Baba yangu alikuwa Kabwe Mwenze, mi Kabwe Mwenze, mutoto wangu Kabwe Mwenze. Ni mbuzi yangu tu njo haiko Kabwe Mwenze."

Basi nikaelewa, na nilielewa kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Huku mtoto anapewa jina la babu au la baba, zima kama lilivyo. Kila mtu anajua. Mwanangu mwenyewe ni Kabwe Mwenze. Tunawatofautisha kwa prénom tu, jina la ubatizo. Na kwenye mkutano Stéphane alikuwa ametoa amri: hakuna prénom. "Kadi za zamani za reli hazikuwa na prénom," alisema, "na shiye tutaandika sawa vile kadi."

Fagia ilikuta Kabwe Mwenze wa nyumba ya tatu, ikamweka. Wengine sita ikawaona ni uchafu, na majina mengine yaliyofanana vilevile.

"Nani alikataza prénom?" nikamuuliza.

Stéphane akairudisha simu yake mfukoni. "Haiko ile tunaongea. Rudisha majina. Saa ine tunasoma liste mbele ya bantu bote, nitie signature, saa sita iko ku ofisi. Ukishindwa, mi mwenyewe nitaandika ku ofisi kama ni weye uliharibu. Na kumi na ine utatoka. Weye na mizigo yako."

"Meseji zenyewe ziko wapi?" nikauliza, ingawa jibu nililijua.

"Si weye njo ulizishika?"

"Zilikuwa ku telefone ya Clément. Siku ya arobaini, kugawa vitu vya marehemu, weye ulisema telefone iende kwa mutoto wako Deborah. Deborah alifuta yote aweke picha zake."

 Hata redio ya mzee nadhani ilivuta pumzi.

"Kwa hiyo bantu baliisha," akasema yule mwanamke, na akakaa chini palepale, juu ya tofali.

Nikaingia ndani. Watu walidhani nimekimbia.

Nilikwenda kwenye laptop. Betri ilikuwa nusu na umeme haukuwepo. Nilitaka tu kuisoma Fagia, niione jinsi ilivyofanya kosa. Ni mistari michache, inaenea kwenye kioo kimoja. Na mwishoni kabisa nikauona mstari ambao nilikuwa nimeusahau.

Miaka mitatu nyuma nilimpotezea mwanafunzi mmoja sura nzima ya kazi yake. Clément alikuwa amelala kochini, soksi moja mguuni, akasema: "Mama Précieux, fundi muzuri hachomaki takataka siku ileile." Basi nikaongeza mstari huo. Kila kitu ambacho Fagia inaondoa, kinakwenda kwanza kwenye faili iitwayo takataka, kama kilivyokuja, kabla Chonga haijakigusa, pamoja na namba ya nyumba.

Nikafungua takataka.

Mistari arobaini na mitatu. Yote ilikuwepo. Salamu, ugonjwa, Biblia, kila kitu.

Nilitegemea nitasikia furaha. Nilisikia kiu tu. Nikanywa ile chai, imepoa.

Nikaanza kazi. Kumi na saba ilikuwa marudio ya kweli, watu walewale wa nyumba ileile waliotumwa mara mbili. Ishirini na sita walikuwa watu. Nikamrudisha kila mmoja nyumbani kwake, na nikampa prénom yake, kwa kupaza sauti dirishani: "Nyumba makumi mbili, prénom?" Mzee anajibu: "Chance! Na yangu mi andika Caleb!" Kazi ilikwenda. Nyumba ya ishirini ilirudi. Ya kumi na nne ilirudi, Kabwe Mwenze Précieux. Nikamtazama mwanangu kwenye kioo, herufi zake chache, ana nyumba tena.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa nyumba ya thelathini na moja.

Ulisema hivi: *Kabwe Mwenze, prénom Fils, mutoto wa marehemu Clément, miaka ine. Mama yake ni Syntiche. Munisamehe.*

Nikausoma. Nikahesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko ninakojua. Miaka minne. Siku nne Kasumbalesa, siku tatu nyumbani.

Sikuuliza ni Clément yupi. Kabwe Mwenze ni saba. Marehemu Clément alikuwa mmoja.

Mama mkwe alikuwa jikoni, anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasimama mlangoni.

"Mama, nyumba makumi tatu na moja anaishi nani?"

Hakuinua macho. "Ilikuwa ya shangazi ya Clément, mwenye alikufa."

"Najua aliyekufa. Nauliza aliye hai."

Akachambua jani moja, akachambua la pili. "Yule mutoto-mwanamuke wa ku bomba," akasema. "Mwenye anakupishaka."

"Anaitwa Syntiche."

"Eeh. Syntiche."

"Mulijua."

"Mwanangu, tulisema tungoje kwanza umalize kilio."

"Kilio gani, Mama? Sijaanza."

Ndipo akaniangalia. Sijui aliona nini. Akarudi upesi kwenye majani yake. "Na mutoto anafanana naye," akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa kumwaga maji. "Njo ilikuwa inanisumbua. Anafanana sana."

Nilikuwa nimerudi kwenye laptop Stéphane alipoingia bila kubisha. Saa ilikuwa tatu na dakika hamsini. Alisoma kioo juu ya bega langu, mpaka mstari wa mwisho.

"Belle-sœur," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Njo mana ulikataza prénom."

"Nilitaka ipite. Kabwe Mwenze wako saba, nani angeuliza wa makumi tatu na moja ni wa nani? Angepata nyumba, weye ungebaki na heshima yako. Sikujua kama mashini yako inakulaka bantu."

"Inakula inachoambiwa."

"Sasa skiya." Akavuta kigoda, akakaa karibu. "Rudisha makumi mbili na tano. Ile moja uache. Liste iko ku ubao tayari bila yee, hakuna mwenye atashangaa. Syntiche ni muntu wa kunyamaza. Nitamutafutia kipande fulani huko Kipushi, kwa bandugu. Kumi na ine inabaki ya Précieux, hakuna mwenye atakugusa. Minaapa mbele ya mama."

Mama mkwe, kule jikoni, akaendelea kuchambua. 

"Na hakuna mwenye atamucheka Clément mu kaburi," Stéphane akaongeza. "Wala weye."

Alisema kweli. Wajane wa aina yangu nimewaona wakichekwa. Unapita bombani, maneno yanakufa, ukishapita yanafufuka.

Nawaambia ukweli, maana ndio tulioahidiana tangu wiki ya kwanza: ilikuwa rahisi sana. Sikuhitaji hata kufuta kwa mkono. Ningeandika Précieux mahali pa Fils, ningeiendesha Fagia mara moja, na ingefanya yenyewe, bila chuki, kama ilivyofanya mwanzo. Ningeweza kusema ni mashine.

Niliweka kidole juu ya kitufe. Nikangoja nisikie hasira, wivu, chochote. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake. Anauona, ni wake, hausikii.

Kwa hiyo nilifikiri tu, bila moyo kunisaidia. Mtoto wa miaka minne amefanya nini? Amepewa jina. Mwanangu naye amepewa jina hilohilo. Mara ya kwanza nilimfuta yule mtoto bila kujua. Mara ya pili ningekuwa najua.

"Iko saa ngapi?" nikauliza.

"Saa ine kasoro tano."

"Washa jenereta ya jirani, nichape ku printa yake."

"Makumi mbili na tano?"

"Washa, Stéphane."

Akawasha. Nilichapa kurasa tano, nikatoka nazo uani zikiwa bado na joto, bila kumpa azione.

Kambi yote ilikuwepo. Kwetu hatubandiki orodha bila kuisoma kwanza. Nyumba inatajwa, mwenyewe anaitika mbele ya watu, kisha mkuu wa kamati anatia sahihi. Asiyeitika hayupo. Ile ya kwanza hatukuisoma, kwa sababu nilikuwa mfiwa na watu walinionea haya. Hilo nalo ni kosa.

Nikasoma. "Nyumba ya kwanza." "Niko!" "Nyumba ya tatu, Kabwe Mwenze Caleb." "Niko, na mbuzi yangu iko!" Watu wakacheka, wakapumua. "Nyumba ya kumi na nne, Kabwe Mwenze Précieux." Mwanangu aliitika kutoka juu ya ukuta. "Nyumba ya ishirini, Kabwe Mwenze Chance." Yule mwanamke wa tofalini alisikia la kwao, akapiga kigelegele kifupi akajizuia. Stéphane alisimama kando yangu na kalamu mkononi, akitikisa kichwa kila jina, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayehesabu hatua za kufika nyumbani.

Ishirini na tisa. Thelathini.

Niliona macho yake yakishuka kwenye karatasi kabla yangu. Kalamu ikasimama hewani.

"Belle-sœur," akasema chini chini. "Ruka."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono ina maji ya sombe.

"Nyumba ya thelathini na moja," nikasoma. "Kabwe Mwenze Fils. Mtoto wa Clément."

Hakuna aliyecheka.  Sura zote zilinigeukia mimi, si orodha, na nilijua kuanzia dakika ile sitapita tena bombani kama nilivyopita jana.

Hakuna aliyeitika.

Nikasoma tena, kwa sauti ileile, si kubwa zaidi. "Nyumba ya thelathini na moja. Kabwe Mwenze Fils. Mtoto wa Clément Mwenze, mume wangu."

Watu wa nyuma wakaachana taratibu, kule upande wa bomba. Sauti ikatoka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku moja ingawa mwenyewe nilimwona kila asubuhi.

"Eko hapa," akasema.

Stéphane alikuwa hajatia sahihi, na saa sita haikuwa mbali. Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikaweka alama mbele ya jina la mtoto, nikamrudishia.

"Nyumba ya thelathini na mbili," nikasoma.